Kilti ya Mpiga Ngoma

Kilti ya kwanza ambayo Adrien aliivaa maishani mwake ilimvuka mbele ya watu, na wa mwisho kujua alikuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule ambako bendi ilifanyia mazoezi. Adrien alikuwa amefungiwa ngoma kubwa kifuani, ngoma pana kiasi kwamba anayeibeba haoni miguu yake. Mbele yake walitangulia wapiga zumari waliovaa kilti kama yake, vazi la wanaume wa Kiskoti linaloishia magotini, na zumari zao ni zile za Kiskoti zenye mfuko unaobanwa kwapani, na yeye akawafuata akipiga dum, dum, dum, huku mwili wake ukianza kukumbuka mambo ya zamani. Kwao, kwa Warundi wa karibu na Gitega, mtu hapigi ngoma amesimama kama mlingoti. Mpigaji huruka. Basi wimbo ulipokolea, Adrien akaruka, mara moja tu, na alipotua akasikia baridi mapajani. Akadhani ni upepo. Akaendelea kutembea na kupiga. Waliokuwa nyuma yake wakaacha kupiga mmoja baada ya mwingine, kisha na wa mbele wakageuka wajue kulikoni, mpaka ikabaki ngoma yake peke yake. Alipotazama nyuma aliiona kilti imekaa kwenye nyasi, duara, kama beseni ambalo mtu ametoka ndani yake akaenda zake.

Bahati yake alikuwa amevaa bukta ya mpira. Ya kijani, yenye namba tisa nyuma.

Wenzake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Adrien naye alicheka, maana angefanya nini? Lakini mtoto wa mmoja wao alikuwa amepiga video, na video ya siku hizi haina miguu ila hufika. Kabla ya saa sita ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ya kanisa, na kwenye kwaya hiyo sauti ya tatu ilikuwa Emérite, mkewe.

Adrien alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye jengo moja refu la Hillbrow. Kazi yake ilikuwa kufungua geti, kufunga geti, na kuwaeleza watu kwamba lifti haifanyi kazi. Alikuwa mwembamba, mpole, asiyesema sana, na katika miaka yote aliyokaa Johannesburg hakuna aliyejua kwamba alikulia kwenye kundi la wapiga ngoma, kama baba yake na babu yake. Hakusema, wala hakuulizwa. Ila vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vikigonga meza ya bati pale mlangoni mchana kutwa, na siku moja mzee wa ghorofa ya chini, Baba Mavuso, alisimama na mfuko wake wa mkate akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Baba yangu."

"Njoo Jumamosi," Baba Mavuso akasema. "Mpiga ngoma wangu kahamia Durban."

Baba Mavuso alikuwa Mzulu mstaafu wa jeshi, na huko jeshini ndiko alikojifunza zumari. Yeye ndiye aliyeiongoza bendi. Alimpa Adrien ngoma, akampa na kilti ya yule aliyehama, vazi la sufu nzito yenye miraba ya kijani na buluu na mstari mweupe, mbele bapa, nyuma marinda matupu. Tatizo ni kwamba aliyehama alikuwa mtu wa tumbo. Kilti yake ilimzunguka Adrien karibu mara mbili. Adrien aliifunga kwa mkanda wake wa suruali, akaomba Mungu, na yaliyompata tumeshayasema.

Aliporudi nyumbani Bellevue mchana ule, Emérite alikuwa amekaa kwenye baraza la mbele akimenya viazi. Wao walikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba vyumba, na baraza lilikuwa la wote. Pembeni yake, nyuma ya cherehani, alikaa Bi Kidawa, mjane wa Kizanzibari aliyekuwa na chumba cha mkabala. Simu ya Emérite ilikuwa juu ya meza ya cherehani, na wote wawili walikuwa wametoka tu kuitazama.

"Karibu, namba tisa," Emérite akasema.

Bi Kidawa akainamia kitambaa chake, mabega yakimtikisika.

Adrien alikaa kwenye ngazi, kilti imekunjwa mapajani. "Nataka kuomba msaada," alisema. "Bi Kidawa, unipunguzie hii. Tuna mashindano mwezi ujao."

"Mimi sishoni nguo za wanaume, shemeji, wajua hivyo," Bi Kidawa akasema kwa upole. "Mimi ni magauni, mabaibui na sare za shule. Mwanamume simpimi."

"Bi Kidawa," Emérite akaingilia, kisu mkononi, "hiyo si nguo ya mwanamume. Hebu itazame. Ina marinda. Hiyo ni sketi. Kwani wewe hushoni sketi?"

Alisema kwa kejeli, lakini kejeli ile ndiyo iliyomfungulia Adrien mlango. Bi Kidawa alinyoosha mkono, akaichukua kilti, akaigeuza ndani nje. Akayapitisha marinda kati ya vidole, moja moja. Akaitia puani akanusa sufu.

"Lo," akasema. "Aliyeshona hii hakuwa na haraka." Akatazama mikanda midogo ya ngozi iliyoshonewa ubavuni, na bizimu zake za chuma, zile za kupitishia mkanda na kubana. "Hapana pa kukata?"

"Hapana. Ni mali ya bendi. Siku nyingine atakuja mtu mnene."

"Basi tutasogeza bizimu. Lakini kupima atapima mkeo. Mimi nitaandika."

Ikawa hivyo. Bi Kidawa aliugeuzia uso ukuta, kalamu mkononi, na Emérite akamzungushia mumewe futi ya kupimia huku akisonya.

"Nipime wapi?"

"Pale anapofungia suruali," Bi Kidawa akajibu ukutani.

Adrien akavuta tumbo ndani na kubana pumzi kama yuko kwenye gwaride. Emérite naye alikuwa na hasira za video, akaikaza futi mpaka ikaacha alama. Akasoma namba. Bi Kidawa akageuka, akaitazama ile namba kwa shaka.

"Mtu mzima huyu?"

"Ndiyo alivyo," Emérite akasema. "Mifupa na ngozi tu."

Bi Kidawa alifumua mikanda, akaisogeza mbali, akaishona tena kwa uzi wa mara mbili. Kwa usalama zaidi akatafuta pini kubwa akaichoma ubavuni, ikashika pande zote mbili za kitambaa, ile ya juu na ile ya chini, zisiachane hata iweje. Alijivunia kazi yake. Adrien alipoivaa hata akitikiswa na watu wawili isingeshuka.

Haikushuka kweli. Jumamosi iliyofuata Adrien alitembea uwanjani kama bibi harusi kwenye gauni la kubana, hatua ndogo ndogo, kwa sababu pini ilikataa kumwachia miguu. Marinda, yaliyotakiwa kukaa nyuma, yalikuwa yamezunguka hadi mbele, kwenye nyonga. Kilti ilimkata chini ya tumbo, hewa ikawa inaingia nusu. Na kwa kuwa katika bendi kama ile ngoma kubwa ndiyo inayoshika mwendo, Adrien alivyopunguza kasi na bendi nzima ikapunguza. Wapiga zumari walianza kuishiwa pumzi wakisubiri pigo lije.

Baba Mavuso akainua mkono. "Adrien, tunamzika nani leo?"

Adrien alijaribu kucheka, kijiti cha ngoma kikamponyoka. Akainama kukiokota. Kukasikika paa! na mkanda mmoja wa ngozi ukang'oka na uzi wake wote.

Siku hiyo hapakuwa na aliyepiga video, lakini Adrien hakurudi akicheka. Aliitundika kilti kwenye msumari mlangoni, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Jumatatu nitamrudishia Baba Mavuso," alisema.

"Afadhali," Emérite akajibu.

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Tangu mwanzo hakuipenda habari ile. Siku ya video waligombana, akamwambia yaliyokuwa moyoni: "Hapa tunachekwa kwa lafudhi yetu. Tunachekwa kwa majina yetu. Sasa unataka uwape na magoti yako?" Sasa mambo yalikuwa yamekwisha yenyewe.

Lakini Jumapili, walipokaa kula, Emérite aliona kitu. Mikono ya mumewe ilikuwa imelala mezani kama glavu. Hakugonga sahani, hakugonga kikombe, hakugonga goti lake. Alikula, akashukuru, akanyanyuka kwenda kuvaa sare ya kazi. Emérite alikuwa ameishi na ile gongagonga ya vidole miaka mingi kiasi cha kuisahau, kama mtu anavyosahau friji inavyounguruma mpaka umeme ukatike.

Alitoka barazani akakaa karibu na Bi Kidawa.

"Unajua nilivyompata yule?" alisema bila kuulizwa. "Harusi ya binamu yangu. Walileta wapiga ngoma, na mmoja wao alikuwa mwembamba hivi, nikasema huyu ngoma itamwangusha. Halafu akaruka. Bi Kidawa, aliruka juu, akapiga akiwa hewani, akatua amenitazama mimi. Mama yangu alinivuta mkono, akaniambia funga mdomo."

Bi Kidawa aliacha kukanyaga cherehani. "Na sasa?"

"Sasa anafungua geti."

Kisha Bi Kidawa akasema, "Kosa ni langu pia, mwanangu. Ile nguo nimeishona kama sketi ya shule. Sikuuliza kwa anayeijua. Huyo mzee wao hana simu?"

Emérite aliichukua simu ya mumewe kabla hajatoka kwenda kazini, akalitafuta jina, akapiga mwenyewe.

Baba Mavuso alikuja Jumanne jioni, jua likiwa bado lipo. Hakuja na kilti mfukoni, alikuja ameivaa, pamoja na soksi ndefu za sufu, kijipochi cha ngozi kikining'inia mbele, na viatu vinavyong'aa. Alitoka kituo cha taksi kwa miguu, akapita mbele ya saluni, mbele ya spaza, duka dogo la mtaani, mbele ya vijana waliokaa kwenye ukuta wakisubiri cha kucheka. Emérite alikuwa amesimama getini na aliyaona yote. Vijana walianza: mmoja akapiga mluzi, mwingine akamwita bibi kwa Kizulu, "Eish, gogo, sketi kali!" Baba Mavuso hakuharakisha wala hakukunja uso. Aliwageukia, akazunguka taratibu mara moja kamili ili marinda yachanue na kufunga, akawapigia saluti. Wale vijana walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka. Mmoja akamuuliza aliinunua wapi.

"Hukuwahi kuona haya?" Emérite alimuuliza alipofika. Walizungumza kwa Kiingereza na Kizulu cha kuokoteza, na penye shida Adrien akafasiri.

"Mwaka wa kwanza wote, mama. Nilikuwa naivaa chooni kwenye uwanja, naivulia chooni." Akajikalia kwenye kiti alichopewa, na kabla ya kukaa akapitisha mkono nyuma kuyalaza marinda, kama mwanamke mwenye gauni zuri. "Halafu nikagundua nilikuwa naona haya kwa sababu naivaa vibaya. Nguo ikikaa sawa mwili nao unatulia. Haya, fundi ni nani?"

Bi Kidawa akainua mkono, akiwa ameshajiweka upande wa pili wa cherehani.

Baba Mavuso akamsimamisha Adrien katikati ya baraza. "Mlimpima wapi?"

"Anapofungia suruali," Bi Kidawa na Emérite wakasema pamoja.

"Hapo ndipo mlipokosea. Suruali hukaa nyongani. Kilti hukaa juu, hapa." Akamgusa Adrien usawa wa kitovu. "Mfupa wa nyonga ukiwa chini yake, huo ndio unaoizuia isiteremke. Mkanda unasaidia tu. Ukiifunga chini ya mfupa itashuka, na usipotaka ishuke itabidi umnyonge."

"Tulimnyonga," Emérite akakiri.

"Alikuwa amekula?"

Wakatazamana.

"Mpimeni ameshiba, na apumue kama binadamu. Kati ya mkanda na tumbo viingie vidole viwili. Marinda yote nyuma. Mbele pawe bapa, na pande zote mbili zilingane. Na hii pini..." Akaicheka ile pini ya Bi Kidawa, lakini kwa adabu. "Pini ni ya kitambaa cha juu peke yake, mama. Ni uzito tu, upepo usikipeperushe. Ukizifunga pande zote mbili umemfunga miguu."

Bi Kidawa alikuwa akisikiliza huku amekunja uso, macho yakienda na kurudi kati ya kilti mbili, ile iliyovaliwa na ile iliyotundikwa. "Basi bizimu peke yake hazitatosha," alisema. "Nikisogeza mikanda tu, mbele panapandana na marinda yanakimbilia ubavuni. Inabidi nipunguze huku nyuma. Kila rinda nilizamishe kidogo, yote yagawane unene wa yule bwana."

"Utaweza?" Baba Mavuso akauliza. "Miraba lazima ikutane."

"Sijui," Bi Kidawa akasema. "Nipikieni mtu wenu ashibe, tuanze."

Emérite alisonga ugali mkubwa, akaweka mchuzi wa maharage na dagaa. Adrien akala, Baba Mavuso naye akala, kisha futi ikazungushwa upya, kitovuni safari hii, huku Bi Kidawa akiutazama ukuta wake. Emérite akaingiza vidole viwili chini ya futi na kusoma. Namba ilikuwa imeongezeka sana kuliko ya kwanza, na Adrien alikuwa akipumua.

Kazi ilimchukua Bi Kidawa siku kadhaa. Alifumua mshono wa juu wote, akayapiga marinda bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe, akayazamisha moja moja. Mara ya kwanza alikosea. Mstari mweupe ulijipinda nyuma kama barabara ya mlimani, akafumua tena, na wateja wa sare za shule walijibiwa kwa mkato wiki ile. Emérite akirudi kutoka kwenye meza yake ya biashara Marshalltown, alikuwa akikaa naye kushika kitambaa kisiteleze, na kwa kushika akajifunza: pa kuanzia, pa kuishia, namna ya kushonea ngozi kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta.

Siku ya kujaribu, Adrien alitoka chumbani akiwa amejifunga mwenyewe. Mbele palikuwa bapa. Nyuma marinda yalianguka pamoja na kutikisika pamoja.

"Urefu," Bi Kidawa akakumbusha, macho kwenye ua. "Baba Mavuso kasema akipiga magoti pindo lisiguse sakafu, lakini liwe karibu kugusa."

"Piga magoti," Emérite akamwambia mumewe.

Adrien akapiga magoti mbele yake. Pindo likabaki juu ya sakafu kidogo tu, unene wa kidole.

"Miaka yote ya ndoa," Emérite akasema, "ndiyo kwanza leo."

"Nikae hivi hivi?" Adrien akauliza.

"Kaa kidogo. Bado naangalia pindo."

Bi Kidawa akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, kwenye viwanja vya michezo upande wa kaskazini mwa jiji, penye miti mirefu na magari yaliyopangwa vizuri. Emérite alikwenda. Alisema anakwenda kwa ajili ya kilti, si kwa ajili ya bendi, na kweli alibeba mkoba wenye sindano nene, uzi wa nta na mkasi. Bi Kidawa alikuwa na magauni ya harusi ya watu, hakuweza kuja.

Bendi sita zilikuwa zimejipanga. Ya Baba Mavuso ilikuwa ya nne. Bendi ya tatu ilipoingia uwanjani, wao walikuwa nyuma ya hema wakizijaribu zumari, na Baba Mavuso akavuta pumzi ndefu ya kujaza mfuko. Mkanda wake wa kushoto, wa ngozi iliyozeeka pamoja naye, ukakatika.

Akaidaka kilti kwa kiwiko. Zumari ikatoa mlio wa mbuzi. Watu wote wakamwangalia, kisha wakaangaliana, kwa sababu yeye ndiye wa mbele na bila yeye hakuna anayeanza.

"Leteni pini," mmoja akasema.

"Pini itafyatuka akitembea," Emérite akasema, na alikuwa ameshafika. "Baba Mavuso, samahani. Geuka ubavu. Shika hapa. Usishike hapo, shika juu ya mfupa."

Alimshonea akiwa amesimama, ngozi juu ya sufu, sindano ikiingia kwa nguvu za kiganja. Uwanjani wimbo wa bendi ya tatu ulikuwa ukielekea mwisho.

"Pumua," akamwambia. "Unabana pumzi. Nikikushona hivyo utakufa katikati ya uwanja."

Baba Mavuso, ambaye alikuwa ameongoza wanaume na bunduki zao, akapumua alivyoambiwa. Emérite akaingiza vidole viwili, akavitoa, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa umezama ndani ya mkoba.

"Nenda."

Wakaingia. Emérite akasogea hadi kwenye kamba, kati ya wanawake wenye kofia pana na watoto wenye aiskrimu. Hakumjua yeyote pale. Alimwona Baba Mavuso akiinua kidevu, zumari zikalia kwa pamoja, na katikati yake ikaja ngoma.

Alikuwa amejiandaa kuitazama kilti. Alitaka kuangalia marinda, mikanda, pindo. Kwa muda aliangalia kweli, na kila kitu kilikaa mahali pake, hata walipogeuka kwa ghafla na marinda yakapepea na kurudi. Kisha akasahau. Adrien alikuwa amesimama wima, mabega yamefunguka, kijiti kimoja kikipanda juu ya kichwa na kushuka, na uso wake ulikuwa ule ambao Emérite hakuwa ameuona tangu wavuke mpaka. Ngoma ilimgonga Emérite hapa kifuani. Mwanamke wa kofia pana aliyekuwa karibu alimpa tishu, na hapo ndipo alipojua kwamba analia.

Katika mashindano haikuruhusiwa kuruka, na Adrien hakuruka. Majaji walizunguka, wakaandika, wakatikisa vichwa. Bendi yao ilipata nafasi ya tatu, jambo lisilowahi kutokea, na Baba Mavuso alipokea bakuli dogo la fedha akaligeuza juu chini kuhakikisha halijatobolewa.

Lakini baada ya zawadi kila bendi hutoka uwanjani ikipiga wimbo wa kuagia, na hapo majaji wameshafunga kalamu. Bendi ilipofika mbele ya kamba, Baba Mavuso aligeuza kichwa, akamwangalia mpiga ngoma wake, akamkonyeza.

Adrien akaruka.

Aliruka na ngoma nzima kifuani, magoti yakapanda, marinda yakafunguka nyuma yake kama mwavuli, akapiga mara mbili akiwa hewani, akatua. Kilti ikatua naye, kiunoni, ilipokuwa. Akaruka tena. Umati ukapiga kelele, na juu ya kelele zote ikasikika sauti moja ya vigelegele, virefu, vya Kirundi, kutoka kwa mwanamke mwenye mkoba wa sindano. Watoto wa aiskrimu wakajaribu kumwiga.

Walirudi Bellevue jua likiinama. Adrien hakubadili nguo. Walishuka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa, wakapandisha kwa miguu, yeye na ngoma begani, mkewe na mkoba. Watu waliwatazama. Emérite aliwasalimia wote, kwa Kizulu chake kibovu, mmoja baada ya mwingine.

"Ule wimbo wa mwisho," alisema walipokuwa wanakaribia nyumbani. "Mzuri sana. Unaitwaje?"

Adrien alifikiri. "Sijui."

"Hujui?"

"Zote naziona zinafanana. Baba Mavuso aliniambia nihesabu hadi nne, halafu nianze tena."

Emérite alisimama. Alishika uzio wa nyumba ya watu kwa mkono mmoja, tumbo kwa mkono mwingine, akacheka mpaka mbwa wa ndani akaanza kubweka. Adrien alimsubiri, naye akicheka, vidole vyake vikigonga ubavu wa ngoma taratibu, moja, mbili, tatu, nne.